Bolti za Boti ya Baba Mkwe

Miaka ile nilichoka kiasi kwamba nikisikia mtu anakohoa, miguu ilisimama kabla ya akili. Baba mkwe alikuwa amehamia kwetu Mbeya, kwenye nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje, upande ule ambao siku hizi wanauita Soweto. Mama mkwe alikuwa amefariki huko kwao, kando ya Ziwa Nyasa, na mume wangu, kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza, alimchukua baba yake akae nasi mpaka majonzi yapungue. Majonzi hayakupungua, na mzee hakuondoka.

Sasa, kwao Unyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi kwamba wanaoneana haya. Hawaonani kabisa. Akiingia mahali, mimi natoka. Tukikutana njiani, mimi ndiye ninayeingia kwenye majani na kugeuza mgongo mpaka apite. Sisemi naye, simtazami, jina lake silitamki, na hata leo ninapoandika haya silitamki. Kwetu Idodi, upande wa Iringa, nako mkwe anaheshimiwa, lakini unapiga magoti, unamwambia kamwene, unamtengea chakula, basi, maisha yanaendelea. Nilipoolewa niliambiwa habari hizi za Wanyakyusa nikacheka. Wakati huo baba mkwe alikuwa mbali, na kumkwepa mtu aliye mbali si kazi.

Nyumba yetu ilikuwa na mlango mmoja. Nimewahi kutokea dirishani nikiwa na mimba kubwa, mzee akiwa ameingia kutafuta kofia yake. Nimewahi kukaa chooni mpaka mvua ikakatika kwa sababu alikuwa amejikinga chini ya paa la jiko langu. Ugali umeungua mara nyingi, na mboga nimezila mbichi mara nyingi, kwa kuwa nilikuwa nyuma ya matete nimesimama na mwiko mkononi nikingoja aache kuota moto. Wanyakyusa wengi wa kanisani walikuwa wameshalegeza mambo hayo, na mchungaji mwenyewe aliyakemea madhabahuni. Baba mkwe alikaa benchi la mbele, akaimba kwa sauti nzito, akatoka, na akamwambia mume wangu kwamba Mungu hajamtuma amtazame mke wa mtu.

Mume wangu alikuwa seremala, mtu mpole, na upole wake ulinikera kuliko ukali. Nikimlalamikia alisema, "Vumilia kidogo, mama." Hicho kidogo kilizaa miaka.

Kwa hiyo habari ya boti ilipokuja, niliipokea kwa mikono miwili.

Mzee alikuwa mtu wa majini. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima alikuwa akiiendesha boti ya matanga ya mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa huko Mbozi. Mzungu alikuwa akiteremka ziwani kila alipopata nafasi, na mzee ndiye aliyeitunza boti hiyo, aliyeshika usukani, aliyejua upepo. Kisha mzungu akaugua mgongo. Boti ikapandishwa Mbozi kwa lori, winchi na matusi mengi, eti ikatengenezwe, na tangu siku hiyo ikalala bandani miaka na miaka. Sasa mzungu alikuwa anauza kila kitu arudi kwao. Akatuma neno kwamba kama mzee anaitaka boti, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Mzee aliitaka. Ng'ombe wake waliobaki kwa ndugu zake waliuzwa wote. Mpango ulikuwa airudishe boti ziwani, awe anabeba mpunga na abiria kutoka Mwaya kufuata pwani ya ziwa, na mume wangu aombe likizo akae naye majini msimu wa kwanza, maana mikono ya mzee ilikuwa imeanza kulegea. Kwa mara ya kwanza tangu aje, nilimsikia kupitia ukutani akicheka. Alikuwa akimsimulia mwanawe jinsi boti ile inavyolala ubavu upepo unapokuja, na jinsi inavyoinuka tena.

Nami nilikuwa na furaha yangu, na siifichi. Nilitaka aende. Nilitaka kukaa mlangoni pa nyumba yangu na miguu yangu nimeinyoosha, nisimsikilize mtu. Nilipokuwa naosha vyombo niliwaza jinsi nitakavyohamishia meko ndani siku za baridi. Nilijiona natembea toka chumbani mpaka jikoni na kurudi, bila sababu, natembea tu.

Ila mume wangu alikuwa na neno moja. "Mbao nitaziona kwa macho," alisema. "Lakini kile chuma cha chini kinashikwa na bolti zilizo ndani ya mbao. Hizo sizioni. Hatupeani mkono na mtu kabla ya kuzipima."

Nieleze, maana mimi mwenyewe nilielezwa mara tatu. Boti ile haikuwa mtumbwi. Chini kabisa ilikuwa na mti mmoja mrefu uliopita toka mbele hadi nyuma, unaoitwa mkuku, na chini ya mkuku limening'inia pande la chuma, zito kuliko ng'ombe watatu. Upepo unaposukuma tanga, chuma hicho ndicho kinachoizuia boti isipinduke. Na chuma kinashikwa na bolti nene, zinazopita katikati ya mkuku na kufungwa nati kwa ndani, chini ya sakafu ya boti, mahali maji yanapojikusanya. Bolti zikikatika, chuma kinakwenda chini, na waliomo boti inawafunika papo hapo.

Mzee aliudhika. "Bolti hizo nilifunga mimi," nilimsikia akisema. "Na ziwa letu maji yake matamu. Kama ni bahari, sawa, chumvi inakula chuma. Ziwani chuma anakula nani?"

"Tutapima tu, baba," mume wangu akasema.

"Pima. Utaona aibu mwenyewe."

Tatizo likawa moja. Nafasi ya chini ya sakafu ilikuwa nyembamba, na mume wangu alikuwa na mabega ya kuranda mbao. Mzee hakuweza tena kujikunja. Wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wakafikia jibu lilelile, na mume wangu ndiye aliyetumwa kuniletea. Mimi nilikuwa mwembamba. Ningeingia mimi.

"Na baba yako?" nikamwuliza.

"Yeye atakuwa nje, chini, ameshika chuma asikilize. Hamtaonana. Kati yenu kuna mbao."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Miaka yote hiyo nilikuwa natafuta ukuta kati yangu na mzee yule, kumbe ulikuwa Mbozi.

Tulikwenda kwa lori la kahawa, mzee mbele na dereva, sisi nyuma na mtoto wetu wa kike ambaye hata kutambaa alikuwa bado. Ukungu wa Mbozi ulikuwa umekaa juu ya mibuni. Nyapara wa shamba, mtu mchangamfu, alitupokea na ufunguo wa banda. Mzee akaingia zake katikati ya mibuni na kutupa mgongo, ndipo mimi nikaruhusiwa kupita.

Boti ilikuwa imesimama juu ya magogo, imetegemezwa pande zote, imepakwa rangi mpya. Nilidhani ningeona kitu kidogo. Ilikuwa kubwa, imejaa banda zima, na kile chuma chake chini kimekaa kimya. Pembeni, ukutani, yalirundikwa magunia.

"Ni chumvi ya ng'ombe hiyo," nyapara alisema, akiyapigapiga. "Tulikuwa tunaiweka humo ndani ya boti, maana chini mchwa wanakula magunia. Juzi tumeitoa tukasafisha ili mwone vizuri. Na rangi tumepaka."

Tukamshukuru. Hakuna kati yetu aliyelifikiria neno lile mara mbili.

Nikapanda ngazi na taa ya chemli, nyundo na spana. Mume wangu akaninong'oneza namna ya kufanya: ugonge kichwa cha kila bolti, taratibu, kisha usikilize. Nzima inalia. Mbovu inanyamaza. Nikajilaza kifudifudi, nikaondoa mbao za sakafu, nikateremsha kichwa na mikono. Harufu ya rangi mbichi ilinijaa kifuani. Nati zilikuwa zimepangika mstari mmoja kwenda gizani, zote nyekundu, zote nadhifu.

Hapo ndipo mzee alipoitwa. Nilisikia fimbo yake ikiingia bandani. Mume wangu alimkabidhi mtoto, yeye akasimama katikati ya ngazi, kazi yake ikiwa kupitisha maneno.

"Mwambie aanze ya mbele," mzee akasema chini, umbali wa mkono mmoja kutoka sikioni mwangu.

"Baba anasema uanze ya mbele," mume wangu akasema juu.

"Mwambie nimesikia," nikajibu.

"Amesikia, baba."

Sote tulisikia kila kitu, na kila neno likasemwa mara mbili. Nikagonga. Ya kwanza ikalia vizuri, mlio unaokwenda mbali. Mzee akaguna kwa kuridhika. Ya pili ikalia. Ya tatu ikasema *du*, kama unapogonga gunia. Nikagonga tena. *Du.*

"Mwambie hiyo ni rangi tu," mzee akasema haraka. "Wamepaka nene."

"Baba anasema ni rangi."

Nikaenda inayofuata, nayo ikasema *du*. Za nyuma zikalia. Mume wangu akauliza mimi naonaje, nikasema mimi si fundi, ila hizi mbili za katikati hazikulia. Akawaza. Ndipo nyapara aliporudi na kusema mwenye shamba amekaa barazani anangoja, leo hii anakwenda mjini, na kuna Mhindi mmoja wa mbao ameulizia boti hiyohiyo.

"Nenda," mzee akamwambia mwanawe. "Nenda kabla hajaja mwingine. Boti hii naijua tangu hujazaliwa."

Mume wangu hakuwahi kumbishia baba yake mara mbili kwa siku moja. Akaniambia nirudishe mbao nifunge, akashuka ngazi, akaondoka na nyapara kwa shingo upande. Nilisikia hatua zao zikipotea kuelekea nyumba kubwa. Tukabaki mimi ndani, mzee nje, na mtoto.

Mzee akaanza kumwimbia mtoto. Wimbo wa kwao, sikujua maneno yake.

Nilipaswa kurudisha mbao. Lakini nilikuwa na hasira. Masikio yangu yalikuwa yamesikia *du*, na yao yalikuwa yamesikia *du*, na bado nimeambiwa nifunge. Miaka yote naambiwa nifunge, nipishe, nigeuke. Nikachukua spana nikaibana nati ya tatu, nikavuta kwa nguvu zangu zote nikidhani haitatoka. Ilizunguka kama kizibo. Na haikuzunguka nati peke yake, bolti nzima ilizunguka nayo. Nikaishika kwa vidole, nikainyanyua. Ikaja.

Juu ilikuwa nene kama kidole gumba cha mwanamume. Chini ya hapo, mle ilimokuwa imefichwa na mbao, ilikuwa imeliwa mpaka ikawa na ncha, kama bua la mahindi lililoshambuliwa na funza. Kisha hakuna kitu. Shimoni mlikuwa na tope jekundu, na kandokando ya shimo, mahali rangi haikufika, palikuwa na ukoko mweupe. Mwanamke anayepika anaujua ukoko ule. Nikaugusa kwa kidole, nikaweka ulimini. Ilikuwa chumvi.

Nikaelewa yote mara moja. Magunia yale yalikaa humo misimu yote ya ukungu wa Mbozi, chumvi ikavuta maji, maji yakachuruzika mpaka chini na kukaa juu ya bolti. Ziwa lilikuwa limeitunza boti ile. Iliharibikia huku kwenye kahawa, mbali na maji yoyote.

Nililala pale na kile kipande mkononi, na kitu cha kwanza kilichonijia akilini hakikuwa uhai wa mtu yeyote. Kilikuwa hiki: sasa haendi. Sasa atarudi na sisi, kwenye mlango ule mmoja, na mimi nitazeeka nyuma ya matete. Machozi yalinitoka kwa uchungu. Niliiona nati mkononi, niliona shimo lake, niliona jinsi ambavyo vingerudi mahali pake bila mtu kujua. Nje mzee alikuwa bado anaimba, na mwanangu alikuwa anamjibu kwa vile visauti vyake. Nikamwona mume wangu msimu ujao ameshika kamba, katikati ya ziwa, upepo unakuja.

Nyumba kubwa ilikuwa mbali. Hata ningepiga kelele nisingesikika. Wa kunisikia alikuwa mmoja tu.

"Mwanangu," nikasema kwa nguvu. "Mwambie huyo aliyekubeba, bolti ya katikati imekatika."

Wimbo ukakoma. Nilidhani ameondoka. Nilikuwa sijawahi kutoa sauti yangu kwake, hata ya kupiga chafya.

Kisha akakohoa. "Mke wangu," akamwambia mjukuu wake, maana ndivyo alivyomtania siku zote, "mwambie mama yako hiyo bolti nilifunga mwenyewe. Itakuwa nati imelegea tu."

"Mwanangu, mwambie ninayo mkononi. Haina mkia."

"Mke wangu, muulize mama yako, ameona wapi bolti ya ziwani imeliwa? Ziwa letu halina chumvi."

"Mwambie chumvi haikutoka ziwani. Imetoka kwenye yale magunia. Nimeionja."

Ubavuni mwa boti, karibu na kichwa changu, palikuwa na tundu la bomba la kutolea maji, bomba lenyewe lilikuwa limeshang'olewa. Nikapitisha kile kipande hapo. Kilikaa kidogo nusu ndani nusu nje, kisha nikahisi kinavutwa upande wa pili, polepole.

Sikuona alichofanya. Nilimsikia akitema mate. Halafu nilisikia kiganja chake kikipiga kile chuma, paa, paa, paa, si kwa nguvu, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake ubavuni anapomwuza.

"Mke wangu," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa imepungua, "mwambie mama yako akimbie. Mimi miguu yangu haifiki huko. Mwambie nimegeuka, naangalia kahawa."

Nikashuka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa banda ameelekeza uso nje, mtoto begani mwake ananitazama. Ilinibidi nipite karibu naye, hapakuwa na njia nyingine. Niliona shingo yake. Ilikuwa nyembamba, ina mikunjo, na kola ya koti imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Miaka yote nilikuwa namkimbia mtu mkubwa. Nikapita, nikatia mguu niponye.

Kilemba kilianguka njiani, sikukiokota. Nilipofika barazani mzungu alikuwa ameshasimama ameshanyoosha mkono, na mume wangu anafuta wake kwenye suruali ili aupokee. Nikasema, "Usishike." Sikusalimia mtu. Mume wangu alinitazama, kisha akaurudisha mkono wake mfukoni, na hilo ni jambo ambalo sijalisahau kwa upande wake. Tukarudi bandani wote. Mzungu alikipokea kile kipande, akakigeuza, akasema kitu kwa Kiingereza kwa sauti ndogo. Kisha akasema kwa Kiswahili kwamba yeye hakujua. Nilimwamini. Nyapara alibaki anayatazama magunia yake na mdomo wazi. Alikuwa ameyakinga na mchwa tu, masikini.

Mume wangu aliuliza kama bolti zinaweza kutengenezwa nyingine. Mzungu akasema lazima chuma kishushwe kwanza, na bolti zilizokatikia ndani yake zitobolewe, na hiyo ni kazi ya mahali wanapotengeneza meli. Hakuna mtu kati ya Iringa na ziwani ambaye angeifanya. Boti ikabaki ilipo. Baadaye nilisikia mwenye shamba mpya alifuga kuku ndani yake.

Tulirudi usiku ukiingia, mvua inanyesha, sisi tumejifunika turubai. Tulipokuwa tunakaribia Mbeya, mume wangu akanisogelea.

"Sasa atakaa kwetu," akasema.

"Najua," nikamwambia.

"Kule hana mke, hana ng'ombe. Bila boti atakwenda kufanya nini?"

"Nimesema najua."

Nilitegemea kesho yake nianze upya kukimbia. Asubuhi nikaamka, nikasikiliza, sikusikia kikohozi. Nikatoka, uwanja mtupu. Nikawasha moto, nikapika uji, ukaiva bila kuungua. Mchana nikakaa mlangoni. Mzee alirudi jioni, na alipofika barabarani alikohoa kwa nguvu, akasimama hapohapo mpaka mimi niliponyanyuka kwa wakati wangu na kuingia chumbani. Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Nikamwuliza mume wangu, mzee anakwenda wapi?

"Yuko nyuma ya jiko la jirani, kwenye gogo," akasema. "Au anatembea. Baba anasema wewe umeshakimbia vya kutosha."

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nimelipata lile nililolitaka: nyumba, mlango, miguu niliyoinyoosha. Nilitembea toka chumbani mpaka jikoni na kurudi kama nilivyowaza. Lakini nilijua kwamba ninapokaa mimi, yeye amesimama. Mzee wa watu amepoteza mke, amepoteza ng'ombe, ziwa amelipoteza siku moja na kwa kinywa changu, na sasa anazunguka na fimbo ili mimi nipike. Nilichoka uchovu wa aina nyingine, ambao kulala hakuutoi.

Baridi ya Mbeya ikaingia. Mwezi wa sita na wa saba kule majani yanakuwa meupe asubuhi, na maji ya ndoo yanakuwa na ngozi juu. Mzee alikuwa mtu wa joto la ziwani. Nikawa nasikia kikohozi chake kimebadilika, hakikuwa tena cha kunipa taarifa. Mume wangu alimwambia akae ndani, akakataa. Alisema amezoea upepo.

Asubuhi moja mume wangu alikuwa ameshakwenda kazini, na mtoto alikuwa amelala. Nilitoka na ufagio, nikamwona. Hakuwa nyuma ya jiko la jirani. Nadhani hakuweza kufika. Alikuwa amekaa nje ya uzio wetu, chini, blanketi limemfunika mpaka kichwani, ameipa nyumba mgongo. Blanketi lilikuwa linatetemeka. Miguu yangu ilitaka kwenda kwenye matete, yenyewe tu, kwa mazoea. Nikasimama na ufagio wangu na nikaona nimechoka. Nimechoka kukimbia na nimechoka kukimbiwa. Hapakuwa na mtu wa kumtuma wala mtoto wa kusema naye.

"Baba," nikasema. "Ingia ndani. Baridi itakuua."

Hakugeuka. Nikadhani nimeharibu kila kitu, na kwamba jioni nitaitiwa wazee. Kisha akatafuta fimbo yake, akanyanyuka kwa shida. Alivuta blanketi likamfunika uso, akapita pembeni yangu akipapasa uzio, akaingia jikoni. Nilipoingia nyuma yake alikuwa ameketi mbele ya meko ameelekea ukutani.

Nikamimina uji kikombeni, nikautia sukari zaidi ya kawaida. Nikauweka chini karibu na mkono wake, nikarudi kukaa kwenye kigoda changu, palepale, sikutoka. Tulikaa hivyo, mimi namtazama mgongo, yeye anatazama masizi. Alikunywa polepole. Kuni zililia, tukazisikiliza.

Alipomaliza alinyoosha kikombe juu ya bega lake, akikielekeza kwangu, bila kugeuza kichwa.

"Mama," akasema, "ongeza kidogo."